Pareto ya mbegu nyumbani: inapogoma kuota, inapogoma kukua, inapogoma kutoa maua

Siku ya 25 tuta likiwa bado udongo mtupu, jirani yangu alibisha hodi na kifurushi cha gazeti mkononi. "Shikamoo mama. Mbegu hizi zimenigomea." Nikamimina kidogo kiganjani, nikasugua. Yalikuwa maua makavu ya pareto, yaliyochumwa kwa ajili ya kuuza, ambayo shemeji yake alimletea kutoka Umalila. Mle ndani sikupata mbegu iliyokomaa hata moja. Alikuwa amemwagilia makapi karibu mwezi mzima.

Huku kwetu pareto, mmea wa maua meupe yenye sumu ya wadudu, si mgeni. Ukienda Umalila, Makete au Mufindi unaikuta mashambani, na kiwanda kiko Mafinga. Lakini anayeiotesha kwa mbegu nyuma ya jikoni ni mmoja mmoja. Wengi huomba kipande cha shina kwa jirani. Mimi nina vichaka kumi na kitu kando ya banda la kuku, hapa pembeni mwa jiji la Mbeya. Nachuma maua, nayakausha, nayasaga, unga unaingia kwenye viota vya kuku kwa ajili ya viroboto. Kichaka kikishika vizuri kinatoa maua miaka mitatu hadi minne kabla hakijachoka.

Kabla ya kutafuta dawa, jua huu mmea umetoka wapi. Asili yake ni miteremko ya mawe ya pwani ya Dalmatia, Kroatia ya leo. Ni mmea wa udongo unaopitisha maji, wa upepo na wa baridi. Mtu anayeutunza kama mchicha, maji asubuhi na jioni, samadi juu ya samadi, anaupeleka kaburini kwa mapenzi.

Mbegu hazioti

Pareto huchukua kati ya siku 10 na wiki tatu kuota, na kwenye baridi ya Juni inaweza kupitiliza. Kabla ya siku ya 21 usichokonoe udongo. Zikipita, rudi kwenye mbegu zilizobaki, maana mara nyingi jibu liko humo.

Mbegu ya pareto ni nyembamba, rangi ya nyasi kavu, ina mistari ya urefu, na haizidi milimita tatu au nne. Iweke juu ya ukucha wa dole gumba, ibonyeze kwa ukucha wa pili. Iliyojaa inakataa kwanza, kisha inapondeka na kuacha alama ya mafuta. Tupu inalala bapa papo hapo, kama pumba za mpunga. Bonyeza 20. Ukikuta 15 ni tupu, usilaumu maji, udongo wala mkono wako.

Utupu huo una vyanzo viwili. Cha kwanza ni hicho cha jirani yangu. Ua la kuuza huchumwa pale mistari mitatu minne ya vijiua vidogo vya manjano katikati inapokuwa imefunguka, kwa kuwa hapo ndipo sumu yake ya wadudu inapokuwa nzuri. Wakati huo mbegu bado ni maji. Gunia zima la maua ya namna hiyo halikupi mche mmoja.

Cha pili kimejificha zaidi, na mimi mwenyewe kilinipotezea msimu. Pareto haipokei chavua yake yenyewe. Ua la kichaka kimoja linahitaji chavua ya kichaka kingine, chenye asili tofauti, iletwe na nyuki, inzi au mbawakawa. Sasa fikiria mtu aliyepewa shina moja, akaligawa vipande kumi, akapanda mstari mzuri uliojaa maua meupe. Kwa macho ni vichaka kumi, kwa uzazi ni mmea mmoja. Nyuki watazunguka kutwa na mbegu zitatoka makapi. Nilichuma nusu kikombe kutoka kwenye mstari wa namna hiyo nikajiona tajiri.

Kama mbegu zimejaa, zijaribu: hesabu 50, zitandaze kwenye kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, funika kwa sahani, weka ndani ya nyumba, angalia unyevu kila siku. Baada ya wiki tatu hesabu zilizochipua. Zikifika 30, una mbegu nzuri. Zikiwa 10 au 15, ziko hai lakini itabidi umwage nyingi zaidi. Zikiwa mbili tatu, tafuta nyingine. Mbegu iliyokaa zaidi ya mwaka, hasa ndani ya mfuko wa plastiki karibu na jiko, mara nyingi huishia kundi hili la mwisho.

Zimechipua kwenye kitambaa lakini kwenye tuta hazitaki? Basi ni kina au ni uso wa udongo. Mbegu ndogo hivi ukiizika sentimita mbili inakufa njiani. Mimi namwaga juu ya mistari, kisha nachekecha mchanga wa mto kiasi cha kuificha tu, milimita tatu hivi. Udongo mwekundu wa Iringa ukipigwa na maji ya kopo kisha ukakauka hufunga kama sakafu, na mche mwembamba hauwezi kuupasua. Wa kwetu Mbeya, ule mwepesi wa majivu ya volkano, una ugonjwa wa kinyume: jua la Septemba likiuwakia kwa muda wa saa mbili tu uso wake unakuwa vumbi, wakati kidole kikizama kidogo chini ni mbichi. Kwa udongo wote wawili dawa ni moja, matandazo ya nyasi nyepesi juu ya tuta, na kumwagilia kwa kopo lenye matundu madogo. Siku unapoona vijani vya kwanza, ondoa nyasi jioni ile ile. Ukichelewa siku tatu unakuta miche mirefu, myeupe, imelegea kama mlenda.

Na sisimizi. Ukiona msafara wao unapita kwenye tuta, mbegu zako ziko safarini.

Zimeota, kisha zinalala chini

Hapa kuna wauaji wawili, na dawa ya mmoja haimsaidii aliyevamiwa na mwingine. Inama, shika mche ulioanguka, tazama shingo yake pale inapogusa udongo.

Shingo ikiwa nyembamba kama uzi, yenye maji, rangi ya kahawia, na miche inaanguka kwa duara linalopanuka kila asubuhi, ni kinyausi. Ni ukungu wa kwenye udongo, na anayeualika ni wewe: umemwaga mbegu kama chumvi, miche imebanana, unamwagilia jioni, kichanja cha kivuli ni kizito hadi hewa haipiti. Ng'oa walioanguka pamoja na udongo wao, kiganja kizima kuzunguka, ukatupe mbali. Punguza miche iliyobaki hadi kila mmoja uwe na nafasi ya vidole viwili. Acha uso wa tuta ukauke kabla ya kumwagilia tena, na kuanzia hapo iwe asubuhi tu. Wapo wanaonyunyiza majivu. Yanakausha uso, hilo nakubali, lakini sijaona yakimrudisha mche ulioshikwa. Msimu unaofuata hama tuta, au mwagia udongo wa kitalu maji yanayochemka siku kadhaa kabla ya kusia.

Shingo ikiwa imekatwa safi kama kwa wembe, na kichwa cha mche kimelala pembeni kikiwa bado kibichi, huyo ni sota, kiwavi wa udongoni anayekata miche. Chokoa udongo karibu na kisiki, sentimita mbili tatu, utamkuta kajikunja, wa kijivu, mnene. Mpe kuku. Jioni mbili tatu za kumsaka kwa tochi zinamaliza kazi kwenye tuta dogo. Huyu hupenda sana samadi isiyoiva na magugu yaliyofukiwa juzi.

Miche imesimama tu, haikui

Miezi miwili, majani manne. Usikimbilie mbolea, ng'oa mche mmoja uusome. Ndiyo, utaupoteza huo mmoja.

Mizizi ikiwa myeupe na mizuri lakini majani yana uzambarau kwa chini, huenda ni baridi tu, ndugu yangu. Aliyesia Mei ataona hivyo hadi Agosti. Lakini joto likirudi na uzambarau ukabaki, udongo una njaa ya fosfati. Maeneo ya mvua nyingi kama Mufindi udongo mwingi ni wa tindikali, na fosfati hata ikiwamo inafungwa. Pareto hupenda udongo usio na tindikali kali, pH ya 5.6 kwenda juu. Chokaa ya kilimo, ikichanganywa na udongo mapema kabla ya kupanda, ndiyo huifungua. Mbolea ya fosfati, kama Minjingu, huwekwa shimoni siku ya kupandikiza.

Majani ya manjano na mizizi ya kahawia inayonuka uvundo: maji yametuama. Nyanyua tuta au chimba mfereji. Hakuna cha kupulizia hapo.

Mizizi yenye vinundu kama shanga: minyoo fundo. Uliza tuta hilo lilikuwa na nini mwaka jana. Nyanya? Bilinganya? Karoti? Miche hiyo usiihamishie popote, unawabeba wageni nayo. Choma, anza upya kwenye udongo mwingine.

Umepandikiza, inanyauka na kufa

Mche wa kuhamisha una urefu wa sentimita 10 hivi na majani ya kutosha, na mara nyingi umetumia miezi mitatu minne kitaluni. Mimi nasia Septemba nahamisha mwishoni mwa Desemba au Januari, mvua ikiwa imeshaingia kikweli. Hesabu hiyo ina faida nyingine: baridi ya Juni inaukuta mche umeshashika mizizi.

Ukinyauka mchana na kuamka jioni, mwache, anazoea. Ukinyauka na asubuhi usiamke, ufukue. Mzizi uliokunjwa juu kama ndoano ni kosa la shimo fupi. Kitovu kilichofukiwa, yaani pale majani yote yanapotokea, huoza kwa mvua ya Februari. Juu majani ya pembeni yanaonekana mazima, ukiyavuta yanatoka yote mkononi. Mche ukae kwenye shimo kwa kimo kile kile ulichokuwa nacho kitaluni, nafasi ya sentimita 30 kutoka mche hadi mche. Wiki mbili kabla ya kuhamisha, punguza kivuli na maji kidogo kidogo, miche ikomae. Iliyotoka kivulini moja kwa moja kwenda juani hubabuka majani.

Majani tele, ua hakuna

Swali hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote.

Mdogo wangu anaishi Kyela. Alibeba miche sita kutoka kwangu, yenye afya, akaipanda, akaitunza. Baada ya mwaka akanipigia simu: "Dada, hii uliyonipa ni pareto au ni mboga?" Kichaka kilikuwa kizuri kuliko changu, kijani, kinene, na hakikuwa kimetoa ua moja.

Pareto haitengenezi vichipukizi vya maua mpaka ipate baridi. Inataka usiku wa chini ya nyuzi joto 16 kwa siku nyingi mfululizo, na mchana ukizidi nyuzi 24 kila siku inasitasita hata kama usiku ni wa ubaridi kiasi. Ndiyo maana shamba la biashara huwa juu, kwenye mita 1,700 na kuendelea. Jiji la Mbeya liko karibu na kimo hicho, Njombe na Mafinga wamepita. Mji wa Iringa uko chini kidogo, mita 1,500 na kitu, hivyo atakayepanda kule atapata maua lakini machache kuliko wa Mufindi. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ni mita 500 hivi. Pale hakuna mbolea itakayosaidia. Nilimwambia avitumie kama pambo la majani.

Lakini kama uko juu na bado hakuna ua, pitia haya. Umri kwanza: mche uliohamishwa Januari usiuulize maua Februari. Mpe miezi mitatu minne, na baridi ipite. Kisha samadi. Mbolea ya kuku kila mwezi inatengeneza majani, na mmea unaoshiba hivyo hauoni sababu ya kutoa ua. Wangu hupata debe moja la mboji iliyoiva kwa vichaka vyote kumi na kitu, mara moja kwa mwaka, mwanzo wa mvua. Kisha kivuli: chini ya mparachichi au mgomba usitegemee.

La mwisho nililigundua kwa bahati. Vichaka vyangu vitatu vilivyokuwa vimeegemea ukuta wa matofali unaopigwa na jua la mchana vilikuwa vikichelewa sana kuliko wenzao wa wazi. Nadhani ukuta ule unatunza joto la mchana na kulitoa usiku, na mmea unakosa baridi yake. Nilivihamishia kwenye mteremko ulio wazi. Msimu uliofuata vilichanua pamoja na wengine.

Maua yanatoka, kisha yanaharibika

Watu hushangaa kuona mdudu kwenye pareto. "Si ndiyo sumu ya wadudu?" Sumu hiyo imejaa kwenye ua, tena sehemu kubwa iko kwenye vimbegu vilivyo katikati ya ua. Majani yana kidogo sana. Kwa hiyo vithiripi hula jani bila wasiwasi: jani linapauka rangi ya fedha na kuwa na vidoti vyeusi vya kinyesi. Huja wakati wa kiangazi kikavu. Maji ya kutosha na kuondoa magugu ya pembeni hupunguza, na mvua ya kwanza kubwa huwaosha. Utando mwembamba chini ya jani na rangi ya shaba ni utitiri mwekundu, wa kiangazi hicho hicho.

Kichipukizi kikigeuka kahawia na kukauka kabla ya kufunguka, angalia hali ya hewa ya wiki iliyopita. Kama kulikuwa na ukungu na mvua nyepesi mfululizo, ni ugonjwa wa kuvu wa vichipukizi. Kata vilivyoshikwa pamoja na kikonyo, choma, panua nafasi kati ya vichaka. Kama kulikuwa na usiku mkavu, mweupe, na asubuhi nyasi zilimetameta barafu, basi vimeungua kwa baridi. Pareto hupenda baridi lakini vichipukizi vichanga havipendi barafu. Makete na kingo za Kitulo wanaijua hii. Usipande bondeni ambako baridi nzito hutulia. Panda ubavuni mwa kilima.

Maua ni mazuri, viroboto hawafi

Huenda si pareto. Kuna deizi kubwa nyeupe ya mapambo, inauzwa kwenye bustani za miche barabarani, na ua lake linafanana mno. Tazama jani. La pareto limechanika-chanika kama la karoti, lina kijani cha kijivu, na chini lina vinyweleo. La deizi ni zima, la kijani kilichokolea, linang'aa, lina meno tu pembezoni.

Kama jani ni lenyewe, basi ulichelewesha au uliwahisha kuchuma, au unga umekaa kwenye mwanga. Jua huivunja sumu ya pareto haraka. Saga kidogo kidogo, hifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, gizani. Wakati wa kusaga jifunge kitambaa puani. Wengine hupiga chafya kutwa na kuwashwa mikono. Mabaki usiyamwage karibu na bwawa la samaki, yanawaua, na ukipulizia wakati nyuki wako kazini unawaua pia.

Mwaka wa tatu kichaka kinakauka katikati

Ni uzee, si ugonjwa, kama pembeni bado kuna machipukizi. Kila msimu wa maua ukiisha kata vikonyo vyote vikavu karibu na ardhi, kichaka kitadumu zaidi. Kikishapara katikati, kichimbue, gawa vipande vya pembeni vyenye mizizi, tupa kitovu.

Vipande hivyo vitatoa maua. Mbegu, kama nilivyosema, havitatoa vikiwa peke yao. Kwa hiyo anayetaka mbegu zake mwenyewe aache vichaka visivyopungua vitano sita, kila kimoja kimetoka kwenye mbegu yake, vikiwa karibu karibu. Chagua maua machache kwenye kila kichaka, yafunge uzi mwekundu ili watoto wasiyachume. Yaache mpaka petali nyeupe zianguke na kichwa kiwe kahawia, kikiguswa kinamwaga. Kata asubuhi umande ukishakauka, tandaza kivulini juu ya gazeti kwa wiki moja, pukuchua, pepeta kwa pumzi ya mdomo. Jirani yangu ameshafunga nyuzi zake mwaka huu. Juzi alikuja na mbegu 20 kwenye kiganja, tukazibonyeza pamoja pale kibarazani: 13 zimejaa.